Kulinganisha riwaya ya kale na filamu yake: tafuta bei ya kukataa

Swali la msomaji: Shikamoo mtaalamu. Ninasoma fasihi, mwaka wa pili. Nimepewa insha ya maneno 3,000 kuhusu utambulisho, jinsia na matarajio ya jamii katika riwaya moja ya kale na filamu yake. Nimechagua Pride and Prejudice ya Jane Austen na filamu ya mwaka 2005 iliyoongozwa na Joe Wright. Hoja yangu ni kwamba wanawake wa zamani walikandamizwa, na Elizabeth ni mwanamke jasiri aliyekataa kukandamizwa. Rasimu imerudi na maneno mawili tu pembeni: "Muhtasari. Malalamiko." Nimekosea wapi, na nianze upya vipi?

Jibu: Marahaba. Ulichoandika si uongo. Tatizo ni kwamba kinaweza kuandikwa juu ya riwaya mia moja bila kubadilisha hata nukta, na hoja inayozienea riwaya zote haifafanui hata moja. Msahihishaji aliposema "muhtasari" alimaanisha kwamba unasimulia yaliyotokea. Aliposema "malalamiko" alimaanisha kwamba unaisikitikia hali bila kuonyesha jinsi inavyofanya kazi. Jinsi inavyofanya kazi ndiyo insha yenyewe.

Matarajio ya jamii katika riwaya nzuri yana sehemu zake: sheria fulani, kiasi fulani cha fedha, watu fulani wanaoyasimamia, na adhabu inayomfika anayeyakaidi. Basi kila mhusika mpime kwa swali moja: akikataa anachotarajiwa, analipa nini, na nani mwingine analipa pamoja naye? Hiyo naiita bei ya kukataa. Ukishaipata kitabuni, nenda kwenye filamu ukaulize kama bei ileile imebaki, imeshushwa, imepandishwa au imefutwa, na nani alikuwa na sababu ya kuigusa. Maswali hayo mawili yanakutosha kwa maneno 3,000.

Anza na hesabu ya fedha

Austen hutaja fedha waziwazi, kwa hiyo usiandike "walikuwa maskini" wala "walikuwa na uwezo". Bwana Bennet, baba yake Elizabeth, anapata pauni 2,000 kwa mwaka kutokana na ardhi yake. Ardhi hiyo imefungwa kisheria isirithiwe ila na mwanamume, na kwa kuwa ana mabinti watano bila mwana wa kiume, akifariki itakwenda kwa ndugu wa mbali, Bwana Collins. Kilichotengwa kwa ajili ya mke na watoto ni pauni 5,000 kwa jumla. Katika sura ya 19, katikati ya posa yake, Collins anamkumbusha Elizabeth kwamba fungu lake ni pauni 1,000 zenye riba ya asilimia 4, tena atalipata mama yake akishafariki. Piga hesabu: ni pauni 40 kwa mwaka. Pato la baba yake ni mara 50 ya hizo.

Sasa waweke wengine kando yake. Dada zake Bingley, kijana tajiri anayempenda Jane, dada mkubwa wa Elizabeth, wana pauni 20,000 kila mmoja. Dada yake Darcy, rafiki wa Bingley atakayemwoa Elizabeth mwishoni, ana 30,000. Darcy mwenyewe anapata 10,000 kwa mwaka. Na kuna Mary King, msichana ambaye riwaya haimpi hata sentensi moja ya kuzungumza, lakini Wickham, afisa wa jeshi asiye na mali, anaanza kumwandama mara tu anaporithi 10,000. Orodha hii ibandike juu ya meza yako. Itakuokoa kila mara utakapotaka kuandika neno "mapenzi" bila kujua liko upande gani wa hesabu.

Elizabeth anapomkataa Collins, anamkataa mrithi wa nyumba anamoishi. Angemkubali, mama na dada zake wangekuwa na pa kukaa baba akishafariki. Ujasiri wake basi umewekewa dhamana ya watu sita: yeye mwenyewe, dada wanne na mama. Mama Bennet amechorwa ili achekwe, na anachekesha kweli, lakini ndiye anayeipigia kelele hatari hiyo mchana na usiku, ilhali baba anajifungia maktabani na vitabu vyake. Insha itakayomtendea haki mama huyu itasomeka kwa makini zaidi kuliko insha ya kumi ya kumsifu binti.

Upande wa sheria, uwe mwangalifu na miaka. Riwaya ilichapishwa mwaka 1813. Wakati huo nchini Uingereza mali inayohamishika ya mwanamke, pamoja na fedha zake, ilikuwa ya mumewe mara walipofunga ndoa, isipokuwa iwe imelindwa kwa mkataba maalumu. Sheria za Bunge zilizobadilisha hali hiyo ni za mwaka 1870 na 1882. Talaka kamili kwa njia ya mahakama ya kawaida ilikuja kwa sheria ya mwaka 1857; kabla ya hapo ilihitaji sheria ya Bunge kwa ndoa moja moja, jambo la wachache wenye fedha nyingi. Wanafunzi wengi huchanganya enzi hizi na kuandika "enzi ya Victoria" juu ya Austen, aliyefariki mwaka 1817, miaka 20 kabla Victoria hajawa malkia. Kosa hilo moja humfanya msahihishaji asikuamini tena hata unapokuwa sahihi.

Mpe Charlotte nafasi kuu

Ningeijenga insha hii juu ya Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth, na Elizabeth nimweke pembeni yake kama kipimo. Charlotte ana miaka 27, hana fedha, na uzuri wake si wa kusifiwa. Siku chache baada ya Elizabeth kumkataa Collins, yeye anamkubali. Sura ya 22 ndiyo inayostahili kusomwa mara tatu, kalamu mkononi.

Ona jinsi Austen anavyolieneza jambo hili kwa familia nzima. Wadogo zake wa kike wanafurahi kwa sababu sasa wataruhusiwa kutoka hadharani na kuhudhuria dansi mwaka mmoja au miwili mapema kuliko walivyotegemea. Wadogo zake wa kiume wanapumua kwa sababu wameondolewa hofu ya dada kuzeeka bila mume. Mama yake anaanza kukadiria Bwana Bennet ana miaka mingapi zaidi ya kuishi. Hakuna anayemlazimisha Charlotte. Hakuna baba mkali wala kufuli mlangoni. Lakini angekataa, watu hao wote wangelipa kidogo kidogo, na yeye anajua. Hivyo ndivyo matarajio ya jamii yanavyofanya kazi pasipo mkandamizaji anayeonekana, na ndiyo sababu sentensi "walikandamizwa" haitoshi: haituambii nani alisukuma.

Charlotte mwenyewe anazungumza kwa utulivu. Anamweleza Elizabeth kwamba hajawahi kuwa mtu wa mapenzi ya ndotoni. Anachotaka ni nyumba yenye starehe tu. Msimulizi ndiye anayetia ukali: anasema ndoa kwa msichana msomi asiye na mali ilikuwa kinga ya heshima dhidi ya ufukara, hata kama furaha yake si ya uhakika. Kisha, kuanzia sura ya 28 hadi ya 30, tunamkuta nyumbani kwake. Amechagua kukaa katika chumba cha nyuma, kisichopendeza sana, kwa sababu angekaa katika kilicho kizuri zaidi, mumewe asingeshinda sana katika chumba chake mwenyewe chenye dirisha la barabarani. Anamhimiza pia alime bustani kwa ajili ya afya yake. Hilo ni jibu lake kwa matarajio: ameyatimiza yote, halafu ndani yake amejikatia chumba kimoja.

Sasa filamu. Charlotte wa mwaka 2005 anamfuata Elizabeth, aliyekaa kwenye pembea uani, na kumwambia kwamba ana miaka 27, hana fedha wala matumaini, amekuwa mzigo kwa wazazi wake, na anaogopa. Neno hilo la kuogopa halimo kinywani mwa Charlotte wa riwaya. Waandishi wa filamu walilitia kwa sababu unayoweza kuieleza: mtazamaji wa mwaka 2005 hajui pauni 1,000 zenye riba ya asilimia 4 ni nini, na filamu ya saa mbili na dakika chache haiwezi kusimama imfundishe. Kwa hiyo hesabu imebadilishwa kuwa hisia. Umefanikiwa kuonyesha hayo? Nenda hatua ya pili: mabadiliko hayo yamemfanya nini Charlotte? Katika riwaya ni mtu anayechagua kwa macho makavu, na msomaji anaachwa na swali gumu kama ana haki. Katika filamu anaomba aeleweke, na sisi tunamhurumia upesi. Filamu imepata machozi na imepoteza ugumu. Chumba chake kimebaki, kwani anamwonyesha Elizabeth sebule yake binafsi na kusema jinsi anavyofurahia kuendesha nyumba yake, lakini kimebaki kama faraja, bila ile hila ya dirisha.

Hoja yako inaweza kuandikwa hivi, au karibu na hivi: "Riwaya inaonyesha kukubali kwa Charlotte kama hesabu anayoijua kila mtu kijijini, filamu ya 2005 inaweka hofu mahali pa hesabu, na kwa njia hiyo inamgeuza mtu anayechagua kuwa mtu anayeomba huruma." Ina vitu viwili vinavyolinganishwa, ina tofauti, ina matokeo ya tofauti, na mtu anaweza kuipinga. Hoja isiyoweza kupingwa na mtu mwenye akili timamu haijawa hoja bado.

Lydia, kwa ufupi

Lydia, mdogo wa mwisho wa Elizabeth, anatoroka na Wickham akiwa na miaka 16 tu. Bei yake imeandikwa kabisa katika sura ya 49 na ya 52: madeni ya Wickham, yanayozidi pauni 1,000, yalipwe, pauni 1,000 nyingine awekewe Lydia juu ya fungu lake, na Wickham anunuliwe cheo jeshini. Darcy ndiye anayelipa kwa siri. Collins naye anaandika barua, sura ya 48, akisema kifo cha Lydia kingekuwa baraka kuliko hilo, na kwamba kosa la binti mmoja litaharibu bahati ya wengine wote. Anasema kwa ubaya, lakini anasema kweli ya mahali pake: sifa ya msichana haikuwa mali yake peke yake. Tumia Lydia kuonyesha kwamba utambulisho hapa unashikwa kwa pamoja na ukoo. Aya moja ndefu inatosha.

Usiwasahau wanaume

Rasimu yako, kwa jinsi ulivyoieleza, inaichukua "jinsia" kana kwamba maana yake ni "wanawake". Wanaume nao wana bei. Fungua sura ya 33. Kanali Fitzwilliam, binamu wa Darcy na mtoto mdogo wa kiume wa mwenye cheo kikubwa, anamweleza Elizabeth kwamba watoto wa kiume wasio wa kwanza hawawezi kuoa wampendaye bila kutazama fedha. Elizabeth anajibu kwa utani, akiuliza bei ya kawaida ya mtoto wa aina hiyo, na kujijibu kwamba haiwezi kuzidi pauni 50,000 kama kaka mkubwa si mgonjwa sana. Yaani hesabu ileile iliyomfunga Charlotte inamfunga kanali, tofauti ikiwa kwamba yeye ana mshahara wa jeshi na anaweza kusubiri. Katika filamu kanali yumo, lakini kazi yake kubwa ni kufichua kwamba Darcy alimtenganisha Bingley na Jane. Utani wa pauni 50,000 haupo. Ulikwenda wapi, na ukosefu wake unawafanya wanaume wa filamu waonekane huru kiasi gani? Hapo pana aya nzuri ambayo wenzako darasani huenda wasiione.

Kama unataka mfano mmoja wa pembeni wa uanaume, uko karibu kuliko Uingereza. Ousmane Sembène wa Senegal aliandika riwaya Xala mwaka 1973 na kuiongoza filamu yake mwenyewe mwaka 1975. Mfanyabiashara wa Dakar, El Hadji Abdou Kader Beye, anaoa mke wa tatu, na usiku wa harusi anakuta nguvu za kiume zimemwishia. Kuanzia hapo biashara, urafiki wa wakubwa na heshima ya nyumbani vinaporomoka pamoja, maana vyote vilikuwa vimeegemea picha moja ya mwanamume kamili. Filamu inaongeza jambo la masikio: binti yake Rama anamsemesha kwa Kiwolofu, naye anajibu kwa Kifaransa. Mfano huu unafaa sentensi tatu au nne za kulinganisha. Ukizidisha, insha itakuwa na vichwa viwili.

Jinsi ya kuitazama filamu

Itazame mara ya kwanza bila kuandika. Mara ya pili chagua matukio manne, yasizidi, na uandike saa na dakika ya kila moja kama inavyoonekana kwenye nakala yako. Kila tukio litazame kwanza bila sauti, kisha lisikilize bila kutazama. Bila sauti utaona nani anamtazama nani, nani yuko mbele na nani amekatwa nusu na ukingo wa picha, watu wamesimama umbali gani, mikono inafanya nini. Bila picha utasikia pumzi, vyombo, mvua, muziki unaoanza kabla ya mtu kuzungumza. Wanaotazama vyote kwa pamoja huishia kuandika mazungumzo tu, na mazungumzo mara nyingi ndiyo sehemu ambayo filamu imeikopa kitabuni. Ya kwake yenyewe iko katika picha na sauti.

Matukio yenye faida zaidi kwa mada yako, mbali na lile la pembea, ni haya. La kwanza ni nyumba ya Bennet. Filamu imeizungushia matope, bata na nguruwe. Katika riwaya Mama Bennet anajigamba kwamba mabinti zake hawana kazi jikoni. Wright ameishusha familia kitabaka ili umaskini unaowangoja uonekane kwa macho, kwa sababu umaskini wa kitabuni ni wa kesho, na kamera hupata taabu kupiga picha ya kesho. Ukiliona hili utaacha kuuliza kama filamu "imefuata kitabu", swali lisilozaa kitu, na utauliza inalipia nini.

La pili ni Pemberley, nyumba ya Darcy. Katika sura ya 43 Elizabeth anasimama mbele ya picha ya kuchorwa ya Darcy. Katika filamu anapita katikati ya sanamu za marumaru, miili mitupu mingi ikiwa ya kutazamwa, hadi kwenye sanamu ya kichwa cha Darcy. Hapa ndipo nadharia inaweza kukusaidia. Laura Mulvey, mtaalamu wa nadharia ya filamu, katika makala yake ya mwaka 1975, alieleza kwamba sinema ya Hollywood ilikuwa na mazoea ya kumfanya mwanamume mtazamaji na mwanamke kitu cha kutazamwa. Katika chumba hiki macho ni ya mwanamke na kitu kinachotazamwa ni mwanamume aliyegeuzwa jiwe. Je, filamu inaendelea hivyo hadi mwisho, au inamrudishia Darcy macho? Chagua nadharia moja kama hiyo na uitumie kwenye tukio moja hadi ikuishie. Nadharia tatu katika insha ya maneno 3,000 hugongana na kuacha vumbi.

La tatu ni posa ya kwanza ya Darcy. Riwaya inaiweka ndani, sebuleni kwa Collins, sura ya 34, Elizabeth akiwa amebaki peke yake kwa sababu ya kichwa kumuuma. Filamu imeitoa nje, kwenye mvua, nyuso zimekaribiana. Ndani kwa mtu mwingine, mgeni lazima azuie sauti. Adabu ni sehemu ya uzito wa maneno yao. Nje hakuna wa kusikia. Kwa kutoa kuta, filamu imeondoa mmoja wa wasimamizi wa matarajio na kuacha watu wawili wanaogombana kwa usawa. Hii ni bei iliyoshushwa, na unaweza kusema hivyo.

Nani alibadilisha, na kwa nini

Filamu hutengenezwa na watu wenye fedha zao na hofu zao, ndani ya sheria za mahali na wakati wao. Kwa filamu za Hollywood kuna kipindi kimoja ambacho lazima ukikague: kanuni za maadili za studio ziliandikwa mwaka 1930, zikaanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, na ziliachwa mwaka 1968. Ukiona filamu ya kati ya miaka hiyo, usimpe mwongozaji sifa wala lawama kabla hujauliza kanuni ziliruhusu nini.

Pride and Prejudice ya mwaka 1940 ni mfano mwepesi. Collins wa riwaya ni kasisi mnyenyekeaji wa wakubwa. Katika filamu hiyo ni mtunza maktaba wa Lady Catherine, shangazi mwenye cheo wa Darcy, kwa sababu kanuni zilikataza kumfanyia mzaha mtu wa dini. Lady Catherine naye, anayekuja katika sura ya 56 kumtisha Elizabeth, amegeuzwa mwema kwa siri: anampima kwa niaba ya Darcy. Msimamizi mkuu wa tabaka amekuwa shangazi mwenye utani, na kwa hiyo kumpinga hakugharimu chochote.

Mfano mzito ni Rebecca ya Daphne du Maurier, ya mwaka 1938, na filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1940. Rebecca ni mke aliyekataa kuwa mke kama anavyotarajiwa. Katika riwaya mumewe Maxim anamuua kwa risasi, na mke wa pili, msimulizi ambaye hatajwi jina kitabu kizima, anapoambiwa, kinachomjaa ni nafuu: kumbe Maxim hakumpenda Rebecca. Anakubali kulifunika. Kanuni hazikuruhusu muuaji aponyoke, kwa hiyo katika filamu Rebecca anajikwaa wakati wa ugomvi, anagonga kichwa na kufa. Badiliko hilo linaonekana dogo. Lakini adhabu ya mwanamke mkaidi imetolewa mkononi mwa mume ikapewa bahati mbaya, na mke wa pili amesafishwa ushirika wake, ambao ndio uliokuwa umemfanya mtu mzima. Mbinu ya kusoma mabadiliko ya namna hii ndiyo hiyohiyo utakayoitumia kwa filamu yako ya 2005, ambako aliyebana si kanuni bali muda, soko na kile mtazamaji asichokijua.

Neno "utambulisho"

Limo katika mada yako na ni rahisi kulipita. Pendekezo langu ni kulipa maana finyu: kile mtu anachosema yeye ni nani, kikiwekwa kando ya kile ambacho sheria na jirani wanasema yeye ni nani. Riwaya iliyoyatenganisha mambo hayo kwa uwazi mkubwa ni Orlando ya Virginia Woolf, ya mwaka 1928. Mtu wa tabaka la juu analala mwanamume na kuamka mwanamke, akili na kumbukumbu zikiwa zilezile. Anaporudi Uingereza anakuta kesi mahakamani: inadaiwa kwamba amekufa, na kwa hiyo hawezi kumiliki mali, na kwamba ni mwanamke, jambo ambalo msimulizi anasema halina tofauti kubwa na hilo la kwanza. Filamu ya Sally Potter ya mwaka 1992 inamfanya Orlando aigeukie kamera na kumwambia mtazamaji kwamba ni mtu yuleyule. Ndani hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni hati. Kwa Elizabeth na Charlotte tumia kisu hichohicho. Charlotte anajua yeye ni nani kabla na baada ya ndoa. Kijiji ndicho kinachomwita mtu mpya.

Kuipanga insha

Utangulizi uwe maneno 200 tu, hoja ikiwa ndani yake. Hesabu na sheria zipate 500. Charlotte apate 1,000, kitabu na filamu vikiwa ndani ya aya moja moja. Ukiandika nusu nzima ya kitabu kisha nusu nzima ya filamu, utarudi kwenye muhtasari. Lydia, au kanali, 400. Tukio moja la picha, Pemberley au mvua, 500. Sababu za mabadiliko 300, na zilizobaki ziwe za kufunga. Kila aya iwe na sentensi moja angalau ambayo haiwezi kuandikwa na mtu ambaye hajasoma sura hiyo au hajatazama tukio hilo. Ukikuta aya isiyo nayo, ifute.

Rejelea sura badala ya ukurasa, kwa kuwa kurasa hutofautiana kati ya matoleo. Matoleo mengi ya sasa yana sura 61 mfululizo, lakini kitabu kilitoka kwanza katika juzuu tatu, na matoleo yanayofuata mpangilio huo huanza kuhesabu upya kila juzuu. Sema mapema unafuata mpangilio gani. Usiandike pia kwamba mavazi ya filamu "ni ya mwaka 1813": Wright aliirudisha hadithi mwishoni mwa karne ya 18, wakati Austen alipoandika rasimu ya kwanza.

Jambo la mwisho, na likague leo kabla hujaandika hitimisho. Filamu ya 2005 ina miisho miwili. Toleo la Uingereza liliishia kwa Bwana Bennet, maktabani, akiwa ametoa idhini yake. Toleo la Marekani lina tukio jingine baada ya hapo, Elizabeth na Darcy wakiwa usiku huko Pemberley, wameoana. Aliyetazama la kwanza anaachwa na baba aliyetoa ruhusa. Aliyetazama la pili anaachwa na mke na mume peke yao, bila baba wala kijiji. Kwa mada yako hizo ni filamu mbili tofauti, kwa hiyo taja toleo lako katika tanbihi ya kwanza kabisa.